Viti Arobaini

Mume wangu ana karama moja tu, nayo ni kupanga viti. Kuhubiri hajui, kuimba ndiyo usiseme, na lugha ya watu wa huku ameisoma miaka sita na bado akienda dukani ananyoosha kidole. Lakini mpe viti arobaini vya plastiki na watu tisa, atakupigia picha uape ni mkutano mkubwa wa injili.

Kanisa letu la nyumbani ndilo lililotutuma ng'ambo kueneza Neno. Walitusindikiza kwa kwaya mbili na machozi. Tukaja kupanga chumba juu ya gereji, chumba ambacho siku za kazi ni darasa la udereva. Kuta zimejaa alama za barabarani. Kila Jumapili Mtumishi, maana hivyo ndivyo anavyotaka kuitwa hata na mimi mkewe, hata akiwa amevaa taulo, anasimama chini ya alama ya kukataza kuingia, anawakaribisha watu waingie katika neema. Mwaka wa kwanza nilikuwa nacheka.

Waumini wenyewe ni hawa. Kinyozi na mkewe. Mjane anayefuata hita, kwa sababu ya kwake imekufa na mwenye nyumba anajitia hamnazo. Nesi mstaafu, mama wa watu, ambaye nadhani ndiye peke yake anayesali kwelikweli. Wanafunzi wawili waliovutwa na chai ya bure. Na mwalimu wa udereva, ambaye haamini chochote ila ndiye mwenye ufunguo. Anakaa nyuma na gazeti lake mpaka tumalize afunge mlango. Ukituongeza sisi wawili, tisa.

Sasa uone kazi ya picha. Kwanza wote tunabanwa upande wa kushoto, Mtumishi anapiga. Halafu tunabadilishana makoti na mitandio, tunahamia kulia, anapiga tena. Ya tatu anapiga kutoka nyuma, vichwa tu. Siku moja mwalimu wa udereva alivishwa kofia ya mjane, akaivaa bila neno, akaendelea kusoma gazeti. Kinyozi naye amebatizwa mara tatu kwenye bwawa la kuogelea la kulipia, mara moja kwa ajili ya Mungu na mbili kwa ajili ya kamera. Mara ya tatu, maji yakimtiririka puani, aliuliza kama hizo zinazooshwa ni dhambi mpya au zile zile.

Picha zilikuwa za Mtumishi, lakini barua zilikuwa zangu, na hapo siwezi kujitoa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mkono wangu mzuri, na maneno hayajawahi kunipa shida. Kila mwezi nilikuwa naiandikia Halmashauri ya Umisheni, na Katibu wake anaisoma barua kanisani Jumapili ya kwanza, mbele ya watu wote. Mtumishi alikuwa ananisimamia begani akisema, "Tia uzito hapo." Nami natia. Wachache wakawa wengi, wengi wakawa mia, mia wakawa mia mbili wanaoabudu kwa zamu kwa sababu ukumbi hauwatoshi. Nilipiga chuku mpaka nikawa naamini mwenyewe. Na nisiseme uongo juu ya uongo: mama yangu alikuwa anakaa benchi la tatu, na barua ikisomwa watu walikuwa wanageuka kumtazama. Nusu ya chumvi niliitia kwa ajili yake.

Kisha mama akaanza kuumwa moyo. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye anayekaa naye. Akanipigia simu, akasema daktari amewaambia walio mbali waitwe. Hakusema zaidi, na sikutaka aseme.

Nikaandika kuomba likizo. Nilidhani ni jambo la siku tatu. Jibu likatoka kwa Askofu mwenyewe. Alisema kazi aliyoifungua Mungu kwa upana ule haiachwi, kundi la watu mia mbili ni kama mtoto bado ananyonya, na likizo itafikiriwa baada ya miaka minne. Akaongeza kwamba picha yetu imekuzwa na kutundikwa ukumbini. Mtumishi aliisoma barua ile mara tatu. Mdomoni alinipa pole, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyevishwa nishani. Pole gani ile.

Nikamwambia awaandikie ukweli, kwamba wanaweza kufunga chumba hata kesho na atakayeumia ni mjane, kwa baridi. Akaniambia ukweli utawavunja moyo wanaotuombea. Nikasema basi nitakwenda peke yangu. Nina mshahara wangu wa kupiga pasi mashuka ya hoteli, siombi nauli kwa mtu. Akavua miwani, akaifuta taratibu, akasema mke wa mtumishi kurudi peke yake kutaleta maneno.

Nami nikanyamaza. Hilo nalo liandikwe, maana ni rahisi kumcheka yeye peke yake. Majuma mawili nilipiga pasi mashuka ya wageni huku nalia, na mvuke ukanisitiri.

Juma la tatu wifi akapiga tena, nikiwa kazini saa ya chakula. Nikakimbia kelele za mezani, nikaingia chumba cha mashine za kufulia ili nisikie vizuri, nikasikia vibaya zaidi. Wifi alikuwa anaumauma maneno. Nikamwambia, wifi, kama amekufa sema. Akasema hajafa, ila kuna jambo ameshindwa kukaa nalo.

Kumbe Askofu, kabla ya kunijibu, alikwenda nyumbani kwa mama. Alikuwa tayari kunipa ruhusa. Mama ndiye aliyekataa. Alimwambia wifi atoe nakala za barua zangu, zote anaziweka ndani ya mkoba chini ya mto, akataka Askofu asomewe ile ya mia mbili. Halafu akamwambia yeye ni mmoja na wale ni mia mbili, asije akaonekana mbinguni aliwanyang'anya watu mchungaji wao kwa sababu ya presha. Baada ya hapo, alisema wifi, mama aligeukia ukutani na hakutaka chakula siku nzima.

Ile ya mia mbili naikumbuka. Niliiandika jikoni nikingoja maji yachemke.

"Mpe simu," nikasema.

Mama alikuja na sauti ndogo mno. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kundi halijambo.

"Mama, hakuna mia mbili. Tuko tisa."

Mashine zilikuwa zinazunguka nyuma yangu. Nikamsikia anavyovuta pumzi kwa shida. Nikajua nimemuua, kwanza kwa mkono wangu ulioandika, sasa kwa mdomo.

"Tisa na nyie mmo?"

"Tumo. Na mmoja ni mwenye ufunguo tu."

Akavuta pumzi tena.

"Mia mbili niliwaachia," akasema. "Tisa siwaachii. Njoo."

Ilikuwa Jumamosi, na nilimkuta Mtumishi anapanga viti. Nikamwambia tiketi nimeshakata, naondoka Jumatatu. Akakaa kwenye kimojawapo, na kwa muda mfupi nikamwonea huruma, mpaka alipofungua mdomo. Hakuuliza mama anaendeleaje. Aliuliza barua ya mwezi huu ataandika nani.

"Andika mwenyewe," nikamwambia. "Ukifika kwenye idadi, andika wanane."

Uwanja wa ndege nilipelekwa na mwalimu wa udereva, kwa gari la shule lenye kibao juu ya paa kwamba dereva anajifunza. Akanishushia mizigo, akanipa mkono, akasema Jumapili ataacha mlango wazi mapema kidogo kwa ajili ya mjane. Miaka sita, na hayo ndiyo mahubiri niliyobaki nayo.

Mama nilimkuta hai. Juma la pili tangu nifike, wifi alitoka kanisani na nakala ya barua mpya, akatusomea kitandani. Mwandiko wa Mtumishi, na uzito katia mwenyewe safari hii. Alisema amemtuma mkewe nyumbani kwa wito maalumu, na kwamba waumini mia tatu walimsindikiza hadi uwanja wa ndege, wakilia.

Wifi alikunja karatasi, akainamisha macho. Mama, mito mitatu mgongoni, alinigeukia.

"Walikuwa wangapi?"

"Mmoja," nikasema. "Mwenye ufunguo."

Alicheka mpaka wifi akakimbilia dawa. Alipotulia, akataka aletewe ule mkoba wa barua, akaniwekea mapajani, akasema nizipeleke jikoni zikawashie moto, na nikirudi nije nikae.