Viazi Vikuu kwa Mama Mkwe

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ilitoka jikoni, nyembamba, ya mtu au mnyama asiye na haraka, na nje kulikuwa bado kiza. Mama Kasuku alidhani ni panya amerudia kapu la viazi. Akashuka kitandani kwa kunyata asimwamshe binti yake, akapapasa ukuta mpaka akaipata swichi ya jikoni.

Hakuwa panya. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, sufuria ya maji mbele yake, kisu mkononi, anamenya. Na alikuwa anamenya vizuri, kwa mkono ule ule uliolisha watoto wa shule ya bweni miaka nenda miaka rudi, ganda linadondoka jembamba bila kukatika. Ila alichokuwa anakimenya ni mche wa sabuni ya kufulia.

"Mama," akasema polepole, "hiyo ni sabuni."

Mama mkwe akainua macho, akamtazama kama mtu anavyomtazama karani wa dirishani, kwa adabu na bila kumjua.

"Karibu, dada," akasema. "Viazi viko karibu."

Mama Kasuku akakichukua kisu, na hapo ndipo alipoiona ile mikono. Ilikuwa inang'aa mpaka kwenye vifundo. Chupa ya mafuta ya kupikia ilikuwa sakafuni, kifuniko kimerudishwa na kukazwa. Akasimama pale na kisu mkononi. Mtu hapaki mafuta mikononi kwa ajili ya sabuni. Anapaka kwa ajili ya viazi vikuu, maana ute wa kiazi kikuu kibichi unawasha, na mama mkwe hakuwahi kumruhusu mtu yeyote kugusa kiazi kikuu kwa mikono mikavu katika jiko lake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimshika mikono mke wa mwanawe, akimpaka mafuta kidole kwa kidole huku akimsema.

Basi yumo, akajiambia. Yumo humo ndani, mlango tu ndio umegoma kufunguka.

Na siku ya kuugonga ilikuwa ni hiyo hiyo, kwa sababu wifi yake alikuwa anakuja.

Wifi alifika alasiri, na mkoba wa nguo mtupu. Mkoba ule Mama Kasuku aliuona kabla hajamwona mwenyewe. Wifi alikuwa msusi mwenye saluni yake, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Hata alipoketi alikuwa anazifungua na kuzifunga nywele za Kasuku.

"Wifi, mimi sikufichi," akasema. "Nimekuja kumchukua mama. Nimeshaongea na kaka."

"Kaka yako yuko safarini na lori lake, anajua nini? Mimi ndiye ninayekaa naye."

"Ndiyo hilo. Unakaa naye, unashona, unalea, unalala saa ngapi? Juzi kafungua gesi akaondoka. Kwangu kuna geti, kuna mtu wa kumwangalia kutwa."

"Kwako hapajui."

"Na hapa je, anapajua?" Wifi akageuka kwenye kiti cha dirishani, ambako mama yake alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa kimoja tangu asubuhi. "Mama! Mimi nani?"

Mama mkwe akatabasamu kwa upole. "Mgeni wetu," akasema.

Wifi akaziachia nywele za mtoto. Akasema kwa sauti ya chini, "Akinijua mimi leo, au akikujua wewe, mkoba wangu narudi nao mtupu. Asipotujua, kesho asubuhi tunaondoka. Usinione mbaya, wifi."

Mama Kasuku hakumwona mbaya. Ingekuwa heri angekuwa mbaya, angepata wa kugombana naye. Habari ya sabuni aliimeza, akaenda jikoni.

Yeye mama yake mzazi hakuwahi kumjua, alikufa akimzaa. Alipoolewa katika nyumba hii aliogopa kila kitu, na siku ya kwanza kupewa jiko alipika viazi vikuu vya kuliwa na mboga, akaviepua kabla ya wakati. Mama mkwe alikiuma kipande kimoja mbele ya wageni, akakitoa mdomoni, akakigeuza kwenye mwanga. "Hiki kiazi au jiwe la kusugulia miguu?" akauliza. "Jamani, mwanangu kaniolea mchonga mawe!" Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi harusi alikimbilia uani akalia, na yule yule aliyemliza ndiye aliyemfuata, akamvuta mkono, akamrudisha jikoni. "Usilie. Njoo nikuonyeshe, mchonga mawe wangu. Mimi chakula kibichi sinyamazi, hata akipika malaika."

Na kweli hakuwahi kunyamaza. Kwenye harusi, kwenye matanga, hata siku ile alipolazwa na homa akaletewa kiazi kigumu wodini, alimwita mpishi kitandani akamfundisha kazi. Kasuku alilipata jina lake kwa kuyarudia maneno ya bibi yake neno kwa neno, mkono kiunoni. Miezi hii bibi alipoanza kuwa mpole, mtoto naye akapoa. Nyumba ikawa na adabu kama ofisi.

Ndipo lile wazo lilipomjia, akiwa amekishika kiazi kikuu, kizito na kichafu kama mzizi wa mti. Atavipika vibaya. Kwa makusudi.

Akakata, akamenya, akaosha, akaweka majini na chumvi. Alikuwa na haraka, na ule ute ulipoanza kumwasha kwenye viganja ndipo alipokumbuka kwamba hakupaka mafuta. Hakuwahi kujipaka mwenyewe; siku zote alipakwa. Akajikuna kwenye gauni, akafunika sufuria.

Njia aliyofundishwa aliijua kama njia ya chooni gizani: chemsha mpaka kisu kiingie bila kusukumwa, mwaga maji, rudisha sufuria kwenye moto mdogo, funika kwa kitambaa, kiazi kilainike na kukauka mpaka kipasuke chenyewe kama unga. Lakini maji yalipotokota tu akachoma kisu kwenye kipande kimoja. Kikaingia kidogo, kikakwama. Mkono wake wote ulikataa. Akazima moto hivyo hivyo, akavipakua kando ya maharage na mchicha, vyeupe, vimenuna, kingo zake bado kali.

"Mh," wifi akasema alipouona mkono wa Mama Kasuku ukiweka bakuli mezani. "Unajikuna nini?"

"Viazi."

"Mama hakukupaka?" Swali lilimtoka kabla hajalifikiria. Wote wawili wakaangalia pembeni.

Wakamketisha mama mkwe katikati. Kasuku akapanda kwenye kiti chake. Mama Kasuku akachagua kipande kibaya kuliko vyote, akakiweka kwenye sahani ya mama mkwe, akaificha mikono yake chini ya meza, ikiwaka moto.

Mama mkwe alikiuma. Kru! Sauti ilisikika meza nzima.

Akaacha kutafuna. Uso wake ukatulia, nyusi zikasogeleana, kichwa kikainama upande kidogo kama zamani, na Mama Kasuku akamwona, akaapa amemwona, mpishi wa bweni anapanda ngazi kutoka huko chini alikokuwa. Sema, mama. Niite mchonga mawe. Nitukane mbele ya wifi, nitukane majirani wasikie. Wifi naye alikuwa ameshika kijiko hewani.

Kisha taya likaanza tena. Mama mkwe akatafuna, taratibu, kwa shida, akameza. Akajifuta mdomo kwa pembe ya kanga.

"Ahsante, dada," akasema. "Chakula kitamu sana. Mungu amzidishie mwenye nyumba." Akachukua kipande cha pili. "Nikimaliza nitaomba njia. Nyumbani nina mkwe wangu, atakuwa ananingoja."

Wifi alikitazama kijiko chake, akakipeleka mdomoni, akaanza na yeye kutafuna kile kiazi kibichi huku machozi yanamteremka mashavuni. Kwa nini alikula, labda hata mwenyewe hakujua. Labda aliona aibu mama yake ateseke peke yake. Mama Kasuku akala pia. Kru, kru, kru. Walitafuna mawe wote watatu kwa heshima, kama watu walioalikwa, na mkoba ulikuwa pale mlangoni umefunguka mdomo. Atamfungia mama mkwe kanga zipi? Nani huko atajua kwamba uji anautaka wa vuguvugu, kwamba asipoachiwa taa ya ukumbini anaita? Na huyo mkwe anayengoja nyumbani, nani atamwambia mama kwamba yuko hapa, mezani, anamtazama usoni, na bado anamngoja?

Alitaka kuinuka aondoe bakuli. Akabaki anatafuna.

Kasuku alikuwa amekitoa kipande chake mdomoni. Alikigeuza kwenye mwanga wa taa, upande huu na upande ule, akamwangalia bibi yake, akangoja. Alingoja sana. Bibi aliendelea kutafuna. Mtoto akakirudisha kipande kwenye sahani, akaisukuma sahani mbali, akaweka mkono kiunoni.

"Mama, viazi havijaiva."