Shada Lililojifumba

Mbegu za maua niliyopanda ni ndogo mno, ukipiga chafya umezipoteza. Nilizinyunyiza juu ya udongo laini nikaziacha bila kuzifunika, kwa sababu hazioti bila mwanga. Mama akanicheka: "Umewaandalia kuku meza." Yalipochanua akayagusa, yakamkwaruza vidole kama karatasi. Akasema hayo si maua, ni mapambo ya dukani.

Lakini mdogo wangu alikuwa anaolewa na kwenda kuishi mbali, na alitaka shada atakalosafiri nalo, likae miaka. "Dada, nitashika ya kwako," aliniambia. Basi nikayakata kabla hayajafunguka sawasawa, nikayaning'iniza stoo vichwa chini, yakakauka na rangi zake zote. Nililifunga shada kwa utepe nikaliweka mezani, kichwa kimenivimba kwa majivuno.

Asubuhi ya harusi nilimkuta mama amelishika, mkono wa pili una chupa ya kunyunyizia maji.

"Nimeyaburudisha kidogo, mwanangu. Yalikuwa yamekauka kweli."

Yote yalikuwa yamejifumba, kila ua limekunja ngumi. Mimi nilijizuia. Bibi harusi hakujizuia, wanja ukamchuruzika mpaka kidevuni. Shangazi, aliyekuwa akipiga pasi gauni, akaguna, "Haya tena. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Lakini yanakauka," nikasema. "Shangazi, lete mashine ya kukaushia nywele!"

Kusema kweli sikuwa na hakika. Bustanini yalijifumba kila mvua iliponyesha, jua likitoka yakafunguka, ila yale yalikuwa bado kwenye shina. Mama alishika shada kwa mikono miwili, mimi nikalipuliza upepo wa moto. Hakuna kitu. Mama alikuwa ananong'ona, "Jamani, jamani, nisamehe." Kisha ua la njano likaachia petali moja. Likafuata jekundu. Punde yakawa yanafunguka ovyo ovyo, na mama anacheka huku machozi yanamtoka.

Mdogo wangu aliondoka na shada lote, isipokuwa lile la njano. Alilichomoa mwenyewe akamwekea mama kiganjani.

Siku hizi, mama akimkumbuka sana, hulidondoshea maji ua lile. Likishajifumba huliweka dirishani penye jua, akavuta kiti, akakaa. Juzi nilimwita aje kula, akanipungia mkono bila kugeuka.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mwanangu anaamka."