Nyumba Iliyoziba Jua

Ijumaa moja ya Oktoba mwaka wa 1974, Syombua alikuwa akichambua maharagwe nyuma ya hoteli ya dada yake pale Mtito Andei. Ndeti, meneja wa Kambi ya Kiimani, aliingia na bahasha ya picha, akavuta kigoda, akakubali chai.

"Mama," alisema, "tulielewana nyumba itoke."

"Ilitoka. Ulikuwepo."

Ni kweli ilitoka. Nyumba ya Syombua ilikuwa imesimama miaka ishirini na sita kwenye kilima kilicho magharibi mwa kambi. Watalii walipoketi barazani jioni kupiga picha za machweo, jua lilishukia nyuma ya paa lake la mabati, na wengine waliandika barua kulalamika. Mwezi wa Juni mwanamume mmoja mwenye tai alikuja akamsomea karatasi iliyosema kilima ni cha kambi. Kesho yake vibarua sita waliibomoa nyumba kabla ya saa nne, wakapakia mabati kwenye lori. Waliondoa pia mawe ya kaburi la mumewe, Mutunga, ili mgongo wa kilima uwe laini. Syombua alihamia chumba cha magunia hapa kwa dada yake.

Ndeti alizipanga picha juu ya gunia. Zilikuwa zimeoshwa Mombasa. Zilipigwa na wageni tofauti, jioni tofauti. Katika kila moja jua lilikuwa kubwa na jekundu, na mbele yake ilisimama nyumba, mlango wazi. Mlangoni aliketi mwanamume.

"Huyu ni nani?"

"Mutunga."

"Si alikufa?"

"Alikufa. Mwaka wa sitini na nane." Syombua aliisogeza picha karibu na macho. "Amekonda."

"Nimepanda huko mwenyewe, mama. Hakuna kitu. Ni nyasi tu."

"Hata moshi hakuna," Syombua alisema. "Hana wa kumpikia."

Ndeti alimaliza chai yake. Alisema ataandikia makao makuu ya kampuni Nairobi. Syombua akamwomba aongeze jambo moja kwenye barua, kwamba aruhusiwe kupika kilimani.

Jibu lilichukua wiki mbili. Aliruhusiwa kila siku kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja jioni, mradi apike nyuma ya majabali, asionekane na kamera.

Kiema, mwana wa dada yake, aliendesha Landrova ya kambi na kila siku alikuja mjini kuchukua mboga. Ndiye aliyempeleka. Siku ya kwanza Syombua alizunguka kilimani akitafuta mahali mlango ulipokuwa, asipaone. Alipakisia. Akarudi nyuma ya majabali, akapanga mafiga matatu, akapasha moto isyo aliyokuja nayo, mahindi na maharagwe yaliyochemka tangu asubuhi. Alipakua bakuli moja, akaenda kuliweka kwenye nyasi, akarudi kujificha. Jua liliposhuka alisikia kamera zikilia kule barazani. Saa moja askari wa kambi alikuja.

"Mama, saa imefika."

Bakuli lilikuwa bado limejaa. Alilichukua, akala chakula chenyewe ndani ya gari, kikiwa kimepoa.

Picha za jioni hiyo zilipofika, Ndeti alizileta bila kuketi. Mutunga alikuwa akila. Kando yake, mlangoni, aliketi Syombua, na moshi ulipanda nyuma yao hadi kwenye jua.

"Mama, si tulisema usionekane?"

"Nilikuwa nyuma ya mawe. Uliza askari wenu."

Ndeti alikuwa ameshamwuliza. Syombua aliitazama picha kwa muda mrefu. Pichani alikuwa akicheka, kichwa amekirudisha nyuma. Alijaribu kukumbuka Mutunga alikuwa amemwambia nini, akashindwa.

Wageni walizipenda picha hizo. Malalamiko yakakoma, na kampuni ikachapisha moja kwenye kalenda yake. Mutunga akanenepa. Mwezi wa Februari Syombua alimwomba Ndeti aandike tena. Kama nyumba ipo, na kila mtu anaiona, basi arudishiwe.

Jibu lilikuja Aprili. Ndeti alilisoma akiwa amesimama, kofia mkononi. Mkaguzi alikuwa ametembelea kilima akakuta hakuna nyumba. Nyumba iliyo kwenye picha ni mali ya wenye picha.

"Nimejaribu, mama."

"Najua, mwanangu."

Nje Kiema alikuwa ameshapakia mboga. Alimpokea Syombua sufuria ya isyo, akamsaidia kupanda.

"Sasa tutafanyaje, mama? Tutafute wakili?"

Syombua aliiweka sufuria mapajani, akaishika kwa mikono miwili.

"Endesha pole pole," alisema. "Kifuniko hakikazi."