Mama Hajaagwa

Bernadeta alikuwa na silaha moja tu dhidi ya nchi ya Ufini, nayo ilikuwa hii: mtoto aliyelelewa vizuri hapa Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini, hawezi kuhamia ughaibuni bila kumuaga mama yake. Basi mama asipopatikana, safari hakuna.

Wiki iliyopita silaha hiyo ilifanya kazi. Herieth, binti yake wa pekee, alikuwa amefunga mizigo pamoja na mumewe Mikko, Mfini mrefu mwembamba, mtafiti wa mbu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwiko. Asubuhi ya safari Bernadeta akakumbuka ghafla kwamba ndege wanamaliza mpunga wake kule Namawala. Akashinda shambani. Ndege wa mpunga walifukuzwa, na ndege ya Ufini ikaruka bila abiria wawili. Aliporudi alimpa mkwewe pole nyingi, tena za dhati, akampikia na samaki.

Leo hakwenda mbali. Alijibanza jikoni kwa jirani yake Domitila, akimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyemwomba avimenye. Simu ikaita.

"Shikamoo mama. Uko wapi? Basi linaondoka saa nne!"

"Marahaba mwanangu. Niko Kiberege, nilifuata maharage. Gari limeharibika huku, lakini nakuja!"

Domitila alijiziba mdomo kwa kanga. "Muongo mkubwa wewe."

"Uongo gani? Nimesema nakuja. Sijasema saa ngapi."

Neno hilo, nakuja, lilimtesa Mwiko alipofika Ifakara mara ya kwanza. Fundi anapanda pikipiki, anasema nakuja, anaonekana kesho yake. Karani anabeba mkoba, anasema nakuja, kumbe ndiyo anakwenda zake nyumbani. Bernadeta mwenyewe ndiye aliyemfungua macho. "Baba," alimwambia, "anayesema nakuja hajaaga, na asiyeaga hajaondoka. Wewe mfunikie chakula chake, umsubiri." Mwiko alicheka siku ile, na Bernadeta akajiona mwalimu.

Alichosahau leo ni mashine ya Donati. Mashine hiyo ya kukoboa mpunga iko nyuma ya ukuta wa Domitila, na kila inapowashwa hukohoa kwanza ndipo ingurume. Ilikohoa Bernadeta akiwa bado anasema nakuja, na Herieth alikuwa ameweka simu kwenye spika. Mwiko, aliyesimama kando yake pale nyumbani kwa Bernadeta, akasikia kikohozi kwenye simu, na papo hapo akakisikia dirishani.

Haikuchukua muda mlango wa jiko ukaingia giza. Mwiko alichuchumaa kizingitini kwa adabu zote za mkwe. Nyuma yake alisimama Herieth, macho mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba," alijibu Bernadeta, kisu mkono huu, kitunguu mkono huu.

"Kiberege kumesogea siku hizi," alinong'ona Domitila.

Bernadeta hakucheka. Utundu wote ulimwishia, ikabaki hofu aliyoificha wiki nzima. "Msiniage," alisema. "Mkiniaga mtakuwa mmeondoka kweli."

Mwiko akainuka, akamshika mkewe mkono. "Hatujaja kukuaga, mama," alisema. "Tunakuja."

Herieth alimkodolea macho mumewe, kisha akaanza kucheka huku analia. "Ndiyo mama. Tunakuja."

Bernadeta alisimama, kisu bado mkononi. Alitamani kumchapa huyu kijana, na alitamani kumkumbatia. Angembishia vipi, na somo ni lake mwenyewe?

"Haya," alisema mwishowe. "Msichelewe."

Mchana Domitila alipita kwa Bernadeta kufuata kisu chake, akakuta mezani sahani mbili za wali na samaki zimefunikwa vizuri. Akanyoosha mkono kufunua moja. Bernadeta akampiga kofi vidoleni.

"Acha chakula cha watu," alisema. "Wamesema wanakuja."