Sauti Zilizobaki Mezani

Mdomo ninao, sikatai. Nyumbani wananiita Redio, na sikumbuki lini nilikosa la kusema. Lakini siku ya maonyesho ya kazi zetu za mwaka wa mwisho chuoni niliishiwa maneno, na si kwa sababu nyingine, ni hofu.

Kazi yangu ilikuwa meza. Juu yake nilipanga sufuria, birika, mwiko, ungo na vikombe vitatu, vyote vya mama, na chini ya kila kimoja nikaficha kihisio. Ukishika birika unasikia sauti yoyote moja kati ya zilizorekodiwa jikoni kwetu, na ukutani rangi zinacheza kuifuata. Sauti nilizipata kwa kuacha kinasa sauti juu ya kabati la vyombo siku tisa. Niliwaambia wote kwamba kipo pale. Mama alinisonya, na kufikia siku ya pili kila mtu alishasahau.

Zilitoka sauti mia tatu na ushee. Nikachambua nikabaki na mia mbili, nyingine nikaziweka kando. Miongoni mwa hizo za kando kulikuwa na ya wifi yangu, mke wa kaka. Wanakaa mtaa wa pili, na wifi huja kwetu mchana kumsaidia mama. Siku hiyo mama alikuwa ametoka, wifi akampigia dada yake simu. Alimwambia kwamba mumewe anampiga. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaulizia bei ya vitunguu. Tena akasema anasubiri mtoto amalize mitihani ya darasa la kwanza, halafu Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi, mume akishatoka kwenda kazini, atambeba mtoto waondoke, na akautaja mji ambao dada yake amehamia.

Kaka huyo mtaa mzima unamwita Bashasha. Hata msibani watu humkalia karibu wapate kucheka. Nilisikiliza mara mbili, nikajiambia mambo ya mke na mume hayaingiliwi, nikajitia hamnazo.

Maonyesho yalikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi yake. Asubuhi programu yangu ikagoma kufunguka. Fundi wa maabara akaja, akabofya hapa na pale, ikafunguka, nikamshukuru mno. Akaifungia kompyuta ndani ya kabati chini ya meza na kuondoka na ufunguo. Sheria ndiyo hiyo: kwa muda wa saa mbili kazi ijiendeshe yenyewe mbele ya mtahini. Mwanafunzi akiigusa, amefeli, arudi mwakani.

Saa ya kwanza nilikuwa mlangoni napokea wageni, sikusikia kinachoendelea mezani. Familia yangu ilipofika niliingia nao: mama, Bashasha, wifi na mtoto. Bashasha alimpa mkono mtahini, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akamwambia meza hii inaongea kuliko mke wake. Watu wakacheka, na wifi akacheka. Mama akashika sufuria. Ikatoka sauti yake mwenyewe akimsengenya jirani aliyeazima ungo mwaka juzi akajifanya ni wake. Ukumbi ukaangua kicheko, mama akaficha uso kwa kiganja.

Mimi sikucheka. Sauti ile nilikuwa nimeiondoa kwa mkono wangu. Fundi aliielekeza programu kwenye folda kubwa, ile yenye kila kitu.

Pembeni ya meza kulikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha sauti zilizobaki. Nilijisifu kurasa tatu nzima za ripoti kwamba kwenye meza yangu hakuna sauti inayorudiwa mpaka zote ziishe. Kioo kilisoma arobaini na moja. Ama ya wifi ilishapita nikiwa mlangoni, ama imo humo, na kama imo basi lazima itoke.

Bashasha kanogewa, anashika hiki anaacha kile. Thelathini na tatu. Ishirini na sita. Waya wa umeme ulikuwa hatua mbili kutoka mguuni pangu. Nasema kweli na aibu ninayo: nilipiga hesabu. Miaka minne ya chuo huku, wifi kule. Nikajiambia labda ilishapita. Nikamwendea wifi nimnong'oneze wajiendee zao, lakini Bashasha akamzungushia mkono kiunoni, akasema hapa hatoki mtu mpaka meza inyamaze.

Kumi na moja. Sita. Bashasha akashika birika.

"Dada, nisikilize, naongea haraka," ikasema sauti ya wifi.

Niliruka nikaung'oa waya. Ukuta ukawa mweupe, na mtahini akaandika kitu kwenye karatasi yake. Bashasha hakuitazama meza wala mkewe. Alinitazama mimi, birika bado mkononi, anatabasamu.

"Washa, Redio. Tumsikie wifi yako."

Nikamjibu imeharibika, uongo ambao hata mtoto asingeununua. Akasema polepole kwamba haikuharibika, nimeing'oa mimi, na anataka kujua nimemficha nini. Akanisogelea. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa kuung'oa ule waya nilikuwa nimeshamwambia. Tabasamu lilibaki mdomoni tu, machoni halikuwapo, na mimi nikamwogopa kaka yangu wa tumbo moja.

Wifi akamsukumia mama mtoto. Akasimama katikati ya ukumbi, watu wote wakimwona, akasema kwa sauti ileile ya bei ya vitunguu:

"Unanipiga. Nilikuwa namwambia dada kwamba naondoka. Basi naondoka sasa hivi, kutoka hapa, na hawa wote ni mashahidi."

Bashasha akacheka. Akageuka kutafuta wa kucheka naye, hakumpata. Mtahini aliweka kalamu, akaenda kusimama kati yao.

Nilimbeba mtoto nikawasindikiza hadi getini, nikigeuka nyuma kila hatua. Simu ya kuitia teksi nilimpigia mimi. Tulipokuwa tunasubiri akaniuliza ile sauti niliisikia lini. Nikamwambia wiki tatu zilizopita.

Akahesabu kwa vidole.

"Ndani ya wiki hizo tatu," akasema, "amenipiga mara nne."

Gari likafika. Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akapanda, akafunga mlango.