Hester Haolewi Leicestershire

Ambrose Tidd alikuwa na kosa moja tu, nalo hakulitenda yeye: alizaliwa Melton, ng'ambo ya mpaka, Leicestershire. Alipomposa Hester Wignall, mwaka 1974, serikali ya London ilikuwa ndiyo kwanza imeifuta kaunti yetu ya Rutland. Eti ni ndogo mno, watu wenyewe wa kuhesabu, baraza la nini? Ikatuchota na kututia mfukoni mwa Leicestershire bila haya. Basi Hester akamjibu palepale katikati ya duka lake la chai, Oakham, wateja wote masikio wazi.

"Mimi nimezaliwa Rutland na nitaolewa Rutland. Irudisheni kwanza, ndipo uje."

Mwanamume mwingine angechukua kofia yake akaenda zake. Ambrose aliuliza tu, "Inarudishwaje?"

Akajitosa mzimamzima. Hakuna mkutano wa kudai Rutland aliokosa, mvua inyeshe isinyeshe, na bango alibeba yeye kwa kuwa ndiye mrefu. Kwao Melton kaka yake Cyril alimwita msaliti. "Wewe ni mtu wa Leicestershire halafu unawasaidia watu watutoroke?" Na sisi wa Oakham, badala ya kumshukuru, tukampachika jina la shemeji. "Shemeji, kaunti imefikia wapi?" Alicheka nasi. Lakini akirudi kwake, akila viazi vyake peke yake na redio, roho ilimuuma.

Miaka ikaenda, nywele zikampukutika. Mwishowe tume ikaja kuuliza wananchi kama wanataka baraza lao. Ukumbini wasomi walizungumza wee, kodi, barabara, shule, mpaka watu wakasinzia. Kisha Ambrose akasimama.

"Unaishi wapi, bwana?" mwenyekiti akamuuliza.

"Melton."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Sasa Rutland inakuhusu nini?"

"Kuna mtu hapa anasema kwao kumefutwa," Ambrose akasema. "Nataka arudishiwe kwao. Basi." Akaketi, masikio yamemwiva.

Rutland ikarudi kweli, tarehe mosi Aprili 1997. Watu elfu thelathini na kitu, na baraza letu wenyewe tena. Bendera juu, tarumbeta, bia tangu asubuhi. Ambrose alipiga pasi shati, akanunua maua ya manjano, akaingia dukani kwa Hester saa nne.

"Hester, imerudi," akasema. "Nimekuja."

Hester akamtazama, akatazama maua, kisha akacheka kwa sauti. "Leo siku ya wajinga, Ambrose. Nusura unipate."

Basi duka zima likacheka. Ambrose naye akacheka, maana alishazoea, akaweka maua mezani na kutoka. Akaenda kuketi kituoni kungoja basi la Melton. Tarumbeta zilikuwa zikilia kwa furaha, naye alitamani zinyamaze. Ujana wake wote ameupa kaunti ya watu.

Kengele ya kanisa ilipogonga saa sita mchana, Hester akaja na aproni yake, akihema.

"Saa sita imegonga," akasema. "Utani wa siku ya wajinga mwisho wake saa sita. Sema tena."

"Nimesema mara mbili, Hester. Nimechoka."

Hester akaketi kando yake. Akaikunjakunja aproni mapajani.

"Basi niseme mimi. Mwaka ule nilikuwa nakukataa. Nilitafuta jambo lisilowezekana nikakutwika, ili uende zako bila aibu."

Ambrose akaitazama barabara ya Melton. "Kumbe," akasema.

"Nani alijua utakuwa king'ang'anizi hivi? Nikawa nakuona na bango lako kwenye mvua, nakuonea huruma, kisha sikujua ninakuonea nini. Siku ile ukumbini nilirudi nyumbani nikalia. Tangu hapo kila Jumapili naiombea Rutland irudi." Akapunguza sauti. "Na usimwambie mtu, haikuwa kwa ajili ya Rutland."

"Ungeniambia. Ningekuoa hata juzi."

"Ningeanzaje? Mji mzima ulikuwa umenisikia. Na leo ulipoingia nikaogopa, nikacheka."

Ambrose alitaka kukasirika. Haki ya kukasirika alikuwa nayo, tele. Akaitafuta hasira, akaikosa. Alichokiona ni mkono wa Hester, una unga wa maandazi, umetua juu ya benchi. Akaushika.

Basi la Melton likaja, likasimama mbele yao. Mlango ukafunguka.

"Unapanda, mzee?" dereva akauliza.

Ambrose akageuka kumtazama Hester.

"Hapandi," Hester akamwambia dereva. "Anaishi hapa."