Majivu Ndani ya Sufuria

Siku Musoki alipoondoka, dada yake mkubwa, Emérance, alikuwa uani akichekecha majivu. Ilikuwa Jumatatu, saa moja asubuhi, na vumbi jekundu la Bunia lilikuwa bado halijaamka. Majivu ya maganda ya maharagwe ni laini kuliko ya kuni, lakini hubaki na vijiti, na kijiti kimoja chatosha kukwaruza sufuria. Emérance aliyachekecha mara mbili kwa kitambaa kuukuu. Yves wa pikipiki alikuwa amekwisha kufunga gunia la Musoki nyuma ya kiti, na juu ya gunia, ile sufuria ndogo.

Sufuria zilikuwa mbili. Lori la baba yao lilipokufa, yeye alipeleka kipande cha injini kwa mtu anayeyeyusha alminiamu sokoni, na mtu yule akamimina kubwa na ndogo kwa siku moja, kutoka moto mmoja. Mama alipofariki, kubwa ilibaki kwa Emérance, ndogo ikaenda Aveba, ambako Musoki alilima. Musoki hakutembea bila sufuria hiyo. Alisema maharagwe ya sufuria nyingine humkaa tumboni.

"Yaya, utasugua mpaka ikuwe sahani," alimwambia dada yake akipanda pikipiki.

"Bora sahani safi. Na weye, usitie majivu mu ndani."

"Miye niko mutoto?"

"Uko Musoki."

Yves alicheka, akawasha, wakaenda.

Hiyo ilikuwa sheria ya mama yao: majivu ni ya nje, uchachu ni wa ndani. Nje, penye masizi, ni majivu na gunzi la hindi. Ndani ni ndimu, au maji ya muhogo ulioloweshwa siku tatu. Majivu yakisuguliwa ndani, alminiamu hushika weusi, na weusi huo hautoki upesi. Wasichana wote wawili walipigwa mwiko mkononi kwa kosa hilo, kila mmoja mara moja. Haikuhitajika mara ya pili.

Alhamisi watu wenye bunduki waliingia Aveba. Barabara ilifungwa, simu zikanyamaza.

Ijumaa asubuhi Emérance aliitoa sufuria yake kubwa kichanjani, mahali alipoilaza ikiwa safi, akaikuta na masizi mapya nje na mstari wa zambarau ndani. Ulikuwa mstari wa maharagwe ya sufuria ndogo. Jana yake yeye alikuwa amepika mchele. Alikata ndimu, akasugua taratibu, na siku ile aliuza vitenge vyake sokoni akiwa na moyo mwepesi, kwa sababu Musoki alikuwa mahali fulani anapika.

Iliendelea hivyo kwa siku tisa. Asubuhi moja palikuwa na ukijani wa sombe, yale majani ya muhogo, na huo hutolewa kwa maji ya muhogo. Siku ya saba palikuwa na duara jembamba jeupe tu, la maji yaliyochemshwa bila kitu ndani. Emérance aliliangalia duara lile kwa muda mrefu kabla ya kulisugua.

Siku ya kumi yalikuja mafuta ya ng'ombe. Yaliganda kwa unene wa kidole, na ukoko wake ukataka mchanga. Siku zilizofuata ilikuwa nyama tu, asubuhi, mchana na jioni. Musoki hakuwa na ng'ombe. Emérance alijiambia kwamba pengine amekutana na mtu mwenye huruma.

Jumapili iliyofuata sufuria iliamka nyeusi ndani. Weusi wenyewe ulikuwa wa mizunguko ya mkono, mkono uliosugua kwa nguvu, na kwa majivu.

Hakwenda kanisani. Aliibeba sufuria mpaka kwa baba yao mdogo Fiacre, mkubwa wa ukoo. Mzee alivua kofia, akapitisha kidole ndani, akakinusa.

"Hii iko majivu."

"Ndiyo, baba mudogo."

"Musoki hawezi."

"Hawezi."

"Basi mutoto alishakufa," alisema Fiacre, na mkewe akaanza kutoa viti nje.

Majirani walikuja, wakaonyeshwa sufuria, wakakaa. Lakini matanga hayaondolewi bila kuzika, na mwili haukuwapo. Fiacre alisema ukoo wao hufanya hivi: asiyeonekana huzikwa kwa kitu chake, kile mikono yake ilichozoea. Waliokimbia Aveba walisema nyumba ya Musoki imeungua na vyote vilivyokuwamo. Ilibaki ile sufuria ndogo.

"Tafuta ile," alimwambia Emérance. "Mpaka pale tutabakia mu matanga."

"Na hii kubwa?"

"Hii iko yako. Tukizika hii, tunakuzika weye."

Emérance alirudi kuisoma sufuria kila asubuhi. Nyama ilipungua. Ikaja mikate ya kukaanga, ikaja makayabu, yule samaki wa chumvi wa sokoni. Sufuria ilikuwa imeingia mjini. Kisha, Jumanne moja, alikuta ndani imeng'aa kuanzia katikati kwenda juu, bila kusuguliwa: ngai-ngai, majani machachu, yaliyopikwa na samaki wa moshi. Alikwenda kwa Scholastique, muuza mboga.

"Jana uliuza ngai-ngai kwa nani?"

"Jana mvua iliniachia mafungu tatu tu, na mama mumoja akakamata yote. Mama Divine, wa ku ile geti ya bluu. Alikuwa anabishana bei, na bwana yake iko na jeep!"

Nyuma ya geti la bluu magwanda yalikuwa yakikauka kambani. Divine mwenyewe alikuwa ameinama kwenye mbabula, akipuliza makaa, na juu ya makaa palikuwa na sufuria ya Musoki. Emérance alisalimia, akaeleza kuhusu sufuria mbili za moto mmoja.

"Kumbe njo weye unaisuguaga!" alisema Divine. "Aksanti sana, yaya. Kila asubui inaamka inang'aa. Nilirudisha hata dada ya kazi kwabo, ule alikuwa anatiamo majivu."

"Majivu iko ya inje."

"Nilimwambia! Hakusikiaka."

"Mama, munaitoa wapi?"

"Muzee, bwana yangu, alikuja nayo toka Aveba. Na mabati, na mabuzi."

"Iko ya mudogo wangu. Tunapenda kuizika."

Divine aliacha kupuliza. Aliitazama sufuria, akamtazama mgeni, akatazama magwanda kambani.

"Pole, yaya. Pole sana. Lakini Muzee alisema isitoke mu hii nyumba." Aliingia ndani, akarudi na nusu mche wa sabuni. "Kamata. Itakusaidia mu kazi."

Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa Baudouin, alimsikiliza Emérance mpaka mwisho, kalamu mkononi.

"Unashitaki nani?"

"Mwenye geti ya bluu."

"Ule njo anatulinda, mama."

"Basi andika sufuria tu. Andika imepotea."

"Iko wapi?"

"Kwake."

"Basi haikupotea," alisema Baudouin, akafunika kalamu.

Emérance aliacha kusugua. Alipikia kwenye kopo la maziwa, na sufuria kubwa ikalala kichanjani na uchafu wake, siku nne, hata mafuta yakaanza kuteremka ukutani. Siku ya tano Divine alifika kwa pikipiki, amebeba ndizi.

"Yaya, uko mugonjwa? Sufuria inaamka mubaya."

"Siko mugonjwa."

"Muzee anauliza."

Divine alipoondoka, Emérance aliishusha sufuria. Masizi yalikuwa yamekuwa gamba. Chini ya mafuta ya watu wengine palikuwa na ubaridi ule ule wa chuma ambao Musoki alikuwa akiushika kila siku, na hapakuwa na mahali pengine pa kuushika. Alikwenda jikoni kutafuta ndimu.

Fiacre bado hajaondoa matanga, na viti vya majirani viko uani kwake mpaka leo. Emérance husugua alfajiri, nje kwa majivu, ndani kwa ndimu. Saa kumi na mbili Divine hubandika chai ya Muzee.